Kupandishwa kwa Dari ya Mheshimiwa

Sogeeni, enyi mlioketi vibarazani na enyi mlioegemea milango, enyi mnaongoja chai ichemke na enyi mnaongoja umeme urudi! Wekeni chini mlichoshika, na kama mlichoshika ni mtoto basi mpakateni vizuri, mkanipe masikio. Kwa maana nitawasimulia vita vilivyopiganwa siku tatu mchana kweupe, ndani ya uwanja usiofika hatua tatu kwa urefu wala mbili kwa upana, ambamo shujaa aliingia akiwa na mkasi, bisibisi na kiburi, akatoka akiwa na viwili tu kati ya hivyo. Nitasimulia jinsi kitambaa kilivyoasi, jinsi sponji ilivyonyesha, na jinsi mahasimu wawili walivyopeana mikono juu ya kopo la gundi. Nanyi mkiuliza mimi ni nani hata nisimulie, jibu ni hili: kwa kazi ni karani wa masjala, na kwa ndoa ni mke wa shujaa mwenyewe. Yote nitakayosema nimeyaona kwa macho, na mengine nimeyafagia.

Shujaa wetu ni fundi cherehani, Jemadari wa Sindano, Bwana wa Upindo Ulionyooka, ambaye mkononi mwake haijawahi kutoka suruali yenye mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake, isipokuwa mteja mwenyewe awe ameumbwa hivyo. Mabega yake mapana, sauti yake nzito, na futi ya kamba humning'inia shingoni tangu anapoamka hadi anapolala. Wageni hudhani ni nishani. Wateja wakorofi huwatuliza kwa kuinua nyusi moja. Mbele ya mama yake tu ndipo ghazi huyu hugeuka mtoto wa darasa la pili aliyesahau daftari.

Uwanja wa vita ulikuwa gari. Gari hilo aliachiwa na marehemu baba yake, ambaye alilinunua likiwa tayari limepita mikono mingi, akaliita Mheshimiwa kwa sababu, kama alivyozoea kusema, haliendi popote mpaka lisukumwe na watu. Rangi yake iliwahi kuwa bluu. Ana milango minne, mitatu ikifunguka. Injini yake, na hapa nasema kwa haki, bado inanguruma vizuri kuliko magari mengi ya vijana wa siku hizi, na kwa hilo hatuna la kulalamika.

Dari ndiyo iliyoasi. Uasi ulianza miaka minne iliyopita, siku ya jua la kupasua kichwa, kwenye kona ya nyuma upande wa kulia, ukiwa uvimbe mdogo usiozidi tumbo la mtu aliyeshiba. Shujaa akaubonyeza kwa kidole, ukaingia. Akaondoa kidole, ukatoka. Mwezi wa pili kitambaa kilikuwa kimeachia ubao wake hadi katikati, na kabla mwaka haujaisha kilikuwa kimeshuka chote, kimeshikwa pembeni tu, na kila dirisha lilipofunguliwa kilijaa hewa kama chandarua. Tukawa tunasafiri tumeinama. Watu waliotuona kwa nje walidhani ukoo mzima unaomba radhi.

Na Jemadari alifanya nini? Alifanya anachofanya fundi nguo yeyote anayeona kitambaa kimelegea: alikipiga pini. Pini mia moja arobaini na nne, boksi zima, zikapangwa safu kwa safu zikalinda mipaka, na kwa siku moja na nusu amani ikatawala. Kisha tukapita tuta la barabarani. Sitaki kuingia ndani zaidi katika habari hiyo, ila pini ya mwisho niliitoa begani mwangu ofisini, mbele ya mkuu wa masjala, ambaye aliniuliza kwa upole kama nyumbani kuna usalama.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma, nalo nitalisema wazi. Mama yake mume wangu, Malkia wa Kiti cha Mbele, alikuwa ameingiwa na mtoto wa jicho miaka hiyohiyo minne. Aliona mwanga, aliona umbo la mtu limesimama, zaidi ya hapo ni ukungu. Hata hivyo hakukubali kukaa nyuma. Alikaa mbele, mahali alipokaa enzi za mumewe, mgongo wima, mtandio umefungwa juu kwa ufundi ambao mtaa mzima uliujua. Siku ya kwanza kitambaa kilipomgusa, akauliza, "Hiki nini kinanigusa kichwani?" Na Jemadari wa Sindano, mpaji wa mabega kwa wasio na mabega, akajibu bila kupepesa, "Ni mtandio wako, Mama. Leo umeufunga juu mno."

Mama akauteremsha. Safari iliyofuata akauteremsha zaidi. Mwishowe akauacha kabisa, akawa anatoka na kikofia cha kufuma kinachobana, na alipoulizwa na majirani alisema uzee umemharibia mkono, hajui tena kufunga. Nilimwambia mume wangu, "Mwambie ukweli." Akanijibu, "Nitatengeneza kwanza, halafu hakutakuwa na ukweli wa kumwambia." Nikaona haya kwa niaba yake, na kwa niaba yangu pia, kwa sababu na mimi nilinyamaza.

Basi ikawa Jumanne asubuhi, tukampeleka hospitali afanyiwe upasuaji wa jicho la kulia. Daktari akatuambia Jumatano atapasuliwa, na Alhamisi saa kumi alasiri tuje tumchukue akiwa anaona. Mama, ameketi kitandani na mkoba mapajani, akamshika mwanawe mkono, akanena:

"Mwanangu, jicho likishafunguliwa, kabla ya yote nataka kukaa ndani ya gari la baba yako nilitazame vizuri, juu mpaka chini. Si umelitunza?"

"Nimelitunza, Mama."

"Ndiyo. Najua umelitunza."

Nimewahi kuona watu wakipokea barua za uhamisho wa mbali kwa uso mchangamfu kuliko ule aliotoka nao shujaa wodini. Njiani kitambaa kilimlalia kisogoni, naye hakukisukuma. Ndipo nilipojua kwamba mambo yameiva.

Tulipofika nyumbani akamsimamisha Mheshimiwa uani, akashuka, akavua shati la kutokea, akasimama mbele ya mlango wa dereva kwa fulana na futi shingoni, akauelekeza mkasi dirishani, na kwa sauti iliyowatoa kuku wa jirani chini ya ngazi akahutubia:

"Ewe kitambaa! Miaka minne umenilalia, nami nimekustahi kwa sababu ya marehemu. Nimekata khaki, nimekata sufu, nimekata turubai la hema la watu mia mbili. Wewe ni nani hata unishinde? Kula vizuri leo, maana Alhamisi saa kumi hutakuwepo!"

"Si ungempelekea tu fundi makochi?" nikauliza, kwa kuwa mimi ni mtu wa njia fupi.

Mkasi ukashuka. Maana hamjaambiwa bado: ng'ambo ya barabara, mkabala kabisa na cherehani ya mume wangu pale barazani kwetu, anafanya kazi fundi wa makochi na viti vya magari, mtu mfupi, mwenye mikono minene na misumari mdomoni. Miaka miwili nyuma, mbele ya wateja, alisema hivi: fundi nguo akikosea, mteja hukaza mkanda, yeye akikosea, mteja huanguka chini, basi ni nani fundi hapo? Watu wakacheka. Tangu siku hiyo wanaume hawa wawili hawakusemezana ila kwa kunipitia mimi, hata wakiwa wamesimama bega kwa bega.

"Yule si fundi," akasema shujaa kwa utulivu wa kutisha. "Yule ni mbandikaji."

Vita vikaanza. Akaingia ndani ya Mheshimiwa, akang'oa vizuia jua, akang'oa vishikio vya mkono, akang'oa taa ya ndani, na kila skrubu akaitia kwenye kikombe kilichokuwa karibu. Kikombe hicho kilikuwa changu na kilikuwa na chai, jambo ambalo nililigundua kwa ulimi. Kisha akaupa ubao wa dari mvuto mmoja wa kishujaa, na hapo adui akafungua ghala lake la siri: sponji nyembamba iliyokaa kati ya kitambaa na ubao ilikuwa imeoza tangu zamani, ikageuka unga wa kahawia, na unga huo ukashuka wote kwa pamoja. Uliingia machoni, ukaingia masikioni, ukaingia hata mahali ambapo fulana hukutana na suruali. Jemadari akapiga chafya kumi na moja. Nilihesabu, kwa kuwa ndiyo kazi yangu.

Aliposafisha macho akataka kuutoa ubao, nao ukagoma mlangoni. Ubao ni mpana, mlango ni mwembamba, na katikati yao alikuwepo mume wangu, amepiga magoti kiti cha nyuma, ubao kichwani kama ngao, hawezi kwenda mbele wala kurudi. Kutoka ng'ambo ya barabara fundi makochi akaja na kikombe chake, akasimama hatua nne kutoka mlangoni, akanywa funda moja.

"Shemeji," akaniambia, "mwambie mumeo alilaze kiti cha mbele mpaka chini, halafu autoe kwa mlango wa abiria, kwa pembe."

"Mwambie sijamuuliza," ikasema sauti chini ya ubao.

"Anasema hajakuuliza."

"Mwambie nimesikia, mimi si kiziwi."

Akaenda zake. Saa moja baadaye shujaa alikilaza kiti cha mbele mpaka chini, akautoa ubao kwa mlango wa abiria, kwa pembe, na akatangaza uani kwamba mbinu hiyo amebuni mwenyewe. Sikubisha. Ndoa yetu imedumu kwa mambo kama hayo.

Jumatano ikapambazuka, siku ya maangamizi. Mimi nilikuwa nimeomba ruhusa kazini kwa sababu za kifamilia, na sikusema uongo. Shujaa akaulaza ubao juu ya meza yake ya kukatia, akaupangusa mara mbili kwa tambara kama mtu anayepangusa meza ya wageni, akaona panatosha. Kisha akauchukulia vipimo, akiniita niandike kama anavyoniita siku zote mteja akija: "Bega! Kifua! Kiuno! Urefu wa nyuma!" Nikaandika. Daftari lake bado linaonyesha kwamba siku hiyo alihudumiwa bwana mmoja mwenye kifua cha sentimita mia na thelathini asiyekuwa na mikono.

Akaenda kabatini, akatoa gabadini ya kijivu. Hapa nikaweka kalamu chini, maana kitambaa hicho aliletewa na baba yake, akakiweka miaka tisa akingoja siku ya kujishonea suti. Akakikunjua, akakipiga pasi, akakata. Na alipomaliza kukata, ndugu wasikilizaji, akafanya kosa ambalo duniani kote hakuna awezaye kulifanya ila fundi nguo, tena fundi nguo hodari: akaketi kwenye cherehani akaizungushia dari upindo.

"Upindo wa nini?" nikauliza. "Ncha si zitafichwa?"

"Mke wangu," akanena, mguu ukiwa kwenye pedali, "wapo wanaotoa kazi yenye nyuzi zinaning'inia, na usiku wanalala. Mimi siwezi. Kitambaa kisicho na upindo hakitatoka katika mkono huu nikiwa hai!"

Upindo ulikuwa mzuri. Nasema kweli, sijaona upindo ulionyooka kama ule. Lakini ulikula vidole vitatu kila upande, na alipopaka ubao gundi ya viatu kwa brashi, akakilaza kitambaa na kukivuta, kikafika pembeni kwa shida upande mmoja na kikagoma kabisa upande wa pili. Kikivutwa kulia, kushoto panabaki wazi. Kikivutwa mbele, nyuma panaachama. Halafu gundi ikaanza kupenya, ikatokeza madoa meusi juu ya ile kijivu, doa baada ya doa, mpaka dari ikawa na ramani ya visiwa visivyojulikana. Saa tisa alasiri, huku tunatazama, kitambaa kikajiachia taratibu kuanzia katikati, na mgongo wake wote umebeba unga wa sponji ambao haukusuguliwa.

Jemadari wa Sindano akaketi kwenye ngazi. Alikaa kwa muda mrefu na gundi vidoleni, hata inzi mmoja akamnasia mkononi naye hakumfukuza.

"Kesho atatazama juu," akasema. "Atanyoosha shingo atazame juu. Nitamwambia nini?"

"Utamwambia ulichopaswa kumwambia miaka minne iliyopita."

"Akiniuliza kwa nini aliacha mitandio yake?"

Nilimwonea huruma, na wakati huohuo nilitamani kumpiga na pedali. Nikamshika mkono, nikamtoa yule inzi, nikamwelekeza uso ng'ambo ya barabara. Akaelewa. Akasimama.

Barabara ile ina upana wa hatua kumi na mbili, naye hakuwa ameivuka kwa miaka miwili. Aliivuka kama majemadari wanavyovuka mito, kifua mbele, akitazama kulia na kushoto, kwa sababu pia kulikuwa na bodaboda. Fundi makochi alikuwa ameketi juu ya kochi lisilo na mgongo, anatoa misumari mdomoni mmoja mmoja. Walipoonana, wote wawili wakanigeukia mimi.

"Shemeji, muulize mumeo amekuja kufanya nini."

"Mwambie napita tu."

"Anasema anapita tu."

"Anapita kwenda wapi? Nyuma yangu kuna ukuta."

Shujaa akavua futi shingoni. Ninyi hamjui maana ya jambo hilo. Mimi nilimwona akiivua bila kupima kitu mara mbili tu maishani, siku ya harusi yetu na siku ya mazishi ya baba yake. Akaikunja, akaitia mfukoni, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili akamtazama jirani yake usoni.

"Ndugu yangu," akasema, "nimemdanganya mama yangu."

Akaeleza yote, mtandio, kikofia, jicho, kesho saa kumi. Hakujitetea hata kwa neno moja. Fundi makochi akasikiliza, msumari wa mwisho umesahauliwa kwenye kona ya mdomo.

"Ulimwambia ni mtandio wake?"

"Ndiyo."

"Naye akaamini?"

"Aliamini. Mimi ni mwanawe."

Fundi makochi akautema msumari, akasimama juu ya kochi lile lisilo na mgongo apate kimo, akanyoosha mkono mnene, akanguruma:

"Sikia, ewe fundi nguo! Upindo wako nimeuona kutoka hapa, na kwa haki ya Mungu umenyooka. Lakini dari si suruali! Suruali huonyesha ncha zake, dari huzificha. Suruali hushikwa na uzi, dari hushikwa na usafi: sugua kwanza, bandika baadaye. Ulinitukana kwamba mimi ni mbandikaji, nilikusikia hadi huku, na ni kweli, nabandika, tena nabandika hadi kitu kinasahau kwamba kiliwahi kuachana! Niliwachekesha watu kwa kukudhihaki na halikuwa jambo jema. Kesho mama yako anafunguliwa jicho, halafu sisi tumesimama hapa tunaongea? Leta ubao!"

Wakapeana mikono. Kwa kuwa mmoja alikuwa na gundi, ilichukua muda kuachana.

Alhamisi alfajiri ubao ulikuwa uani kwa fundi makochi, na watu wawili wazima wameuinamia kwa brashi za nyaya. Waliusugua mpaka ukabaki mkavu na msafi. Nilifagia mara tatu. Fundi makochi akaleta kitambaa cha kijivu chenye sponji yake mgongoni, ile inayozuia gundi isipenye, akakata kikubwa kuliko ubao kwa kiganja kizima kila upande, na mume wangu akageuza uso pembeni asione zile ncha mbichi. Kisha wakapuliza gundi, ubao na kitambaa, pande zile zitakazokutana.

"Sasa!" akasema shujaa, amekwisha kunyanyua.

"Bado." Fundi makochi akamkamata kifundo cha mkono. "Mpaka ukiigusa kwa kidole inate lakini isivutike. Ukilaza mapema itateleza, ukichelewa haitashika."

Wakasimama, wamekabili ubao, vidole vimeinuliwa. Nimeshuhudia watu wakingoja matokeo ya mitihani ya watoto wao kwa subira zaidi. Dakika ya nne wote wawili wakagusa, wote wawili wakaitikia kwa kichwa, na kitambaa kikashuka, nusu ya mbele kwanza, kutoka katikati kwenda kingoni.

Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka kwenye bonde. Kila ubao wa dari una mabonde: hapa pa taa, kule pa vizuia jua, na hapo kitambaa kikakunjamana, mikunjo miwili mirefu, papo hapo mbele ambapo abiria wa kiti cha mbele hutazama. Fundi makochi akakandamiza kwa ngumi. Mikunjo ikawa minne. Jasho likamtoka.

"Hapa huwa nashindwa," akakiri, sauti imeshuka. "Huwa nafunika na plastiki ya taa."

"Ngoja," akasema Jemadari wa Sindano.

Akafuta mikono. Akakiinua kitambaa kidogo, akakigeuza kufuata uelekeo wa nyuzi zake, akakilaza upya kwa mgongo wa mkono, taratibu, namna anavyolaza bega la koti juu ya mtu aliyepinda mgongo. "Kitambaa hakisukumwi," akanong'ona. "Kinabembelezwa." Mkunjo wa kwanza ukapotea, wa pili, hata wa nne ukapotea, na bonde likavaa nguo yake kana kwamba lilizaliwa nayo.

"Hii hukuwahi kuniambia," akasema fundi makochi.

"Nawe hukuwahi kuniuliza."

Saa nane gundi ilikuwa imekauka. Ubao ukaingia kwa mlango wa abiria, kwa pembe, na safari hii hakuna aliyedai amebuni. Taa ikarudi, vishikio vikarudi, vizuia jua vikarudi. Skrubu moja ikabaki bila kazi, nasi tukakubaliana kutoizungumzia. Saa tisa na nusu tukaondoka, mume wangu usukani, mimi na fundi makochi nyuma, kwa maana alisema hawezi kubaki nyumbani kama mtu asiyehusika.

Muuguzi akamleta Mama mpaka mlangoni, miwani myeusi usoni, akatuonya asiiname wala asisugue jicho, na akisafiri aegemezwe. Shujaa alikuwa amekwisha kukilaza kiti cha mbele kidogo. Alikuwa amepima: mtu akiegemea pale, jicho lake linaangukia katikati ya dari, mahali pasipo na mkunjo. Mama akaketi. Akavua miwani. Sisi watatu tukaacha kupumua.

Naye akageuza shingo kulia, akamtazama mwanawe.

Tukaondoka. Akaendelea kumtazama. "Mama, egemea, utazame juu," akasema shujaa. "Muuguzi amesema nisiiname," Mama akajibu, "hakusema nisikutazame." Tukazunguka bustani ya hospitali, bado anamtazama, sikio, shavu, kidevu, kama mtu anayekagua nguo iliyotoka kwa dobi. Ushindi wote wa siku tatu ulikuwa juu ya kichwa chake, safi, umenyooka, naye hajaupa hata nukta moja ya jicho lake jipya. Angeweza kufika nyumbani bila kujua kitu. Mume wangu angekuwa ameshinda, na hakungekuwa na ukweli wa kumwambia, sawa kabisa na alivyopanga.

"Mama," akasema, na sauti yake nzito ikapungua hata ikabidi niiname mbele kuisikia, "dari hii ilikuwa imeanguka. Miaka minne. Haukuwa mtandio wako. Ulikuwa unafunga vizuri siku zote. Kilikuwa kitambaa cha gari kinakulalia kichwani, na mimi nikakudanganya kwa kuona aibu."

Fundi makochi akanishika mkono kwa nguvu, wake bado una gundi.

"Ilikuwa imeanguka?" akauliza Mama.

"Ilikuwa imeanguka."

Hapo ndipo alipotazama juu. Alitazama kutoka kioo cha mbele hadi kwenye taa, na kutoka kwenye taa hadi kwetu sisi wa nyuma. Akainua mkono, akapapasa lile bonde kwa vidole, akarudia.

"Sasa haijaanguka."

"Hapana, Mama."

"Nani kailaza hapa? Pamelala vizuri."

"Ni mimi."

"Haya." Akashusha mkono, akamgeukia tena mwanawe, akamgusa juu ya sikio. "Na hizi nyeupe kichwani mwako? Nazo utaniambia ni chaki ya cherehani?"

Shujaa akaangua kicheko ambacho sikuwa nimekisikia siku nyingi, mguu ukamteleza, na Mheshimiwa akazimika palepale, mbele ya geti la hospitali.

"Ni mvi, Mama."

"Ni mvi," akasema Mama. "Ahsante kwa kuniambia."

Basi andikeni, enyi mnaoandika mambo ya mataifa. Acheni kidogo habari za majeshi na mipaka, mtie na hili. Andikeni kwamba Alhamisi hiyo, saa kumi na dakika ishirini na tano alasiri, magari saba yakipiga honi nyuma yetu na mlinzi wa geti akija mbio kutusukuma, watu wanne tulikuwa ndani ya Mheshimiwa, na wote wanne tulikuwa tumekaa wima.